Mwalimu wa Udereva Naye Apimwe

(Haya ni maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika aliyoyasema mbele ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi, katika mafunzo ya siku moja juu ya utunzaji wa magari na matrekta ya vyama. Tunayachapa kwa faida ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Wasemaji walionitangulia wameeleza vizuri habari za mafuta, vipuri na bima. Mimi nimepewa nafasi ya kusema juu ya mtu ambaye vyama vyetu havimfikirii sana, ingawa kazi yake huamua kama gari la chama litadumu au litaishia mtaroni. Mtu huyo ni mwalimu anayemfundisha dereva.

Kazi yangu, kama mjuavyo, ni kukagua vitabu. Katika majalada ya hati za malipo nakuta mara kwa mara maneno haya: "Malipo ya mafunzo ya dereva." Risiti imebandikwa, sahihi ya katibu ipo, sahihi ya mweka hazina ipo. Kwa upande wa fedha hesabu ni safi. Lakini nikiuliza kijana alifundishwa nini, kwa saa ngapi, na ni nani aliyemwona mwalimu akifundisha, karatasi hakuna. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa ya dereva nayo ni mali ya chama, maana yamenunuliwa kwa fedha ya wanachama.

Tazameni jinsi tunavyofanya katika mambo mengine. Mazao ya mkulima hupimwa kwa mzani, na mzani wenyewe hupimwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa muhuri. Hakuna mwanachama atakayekubali kuuza pamba au kahawa yake kwenye mzani usiokaguliwa, hata akiambiwa kwamba mwenye mzani huo ni mtu mwema. Inakuwaje basi tumkabidhi kijana wetu, pamoja na lori la mamilioni ya shilingi, kwa mwalimu ambaye hatujapata kumpima hata mara moja?

KUENDESHA NI KAZI MOJA, KUFUNDISHA NI KAZI NYINGINE

Madereva wengi wa vyama walianza kazi wakiwa utingo. Kijana hupakia na kupakua, huweka kigingi chini ya gurudumu, huosha gari, na jioni dereva humruhusu kuligeuza uwanjani. Baada ya misimu miwili huitwa dereva. Sipendi kuidharau njia hiyo, maana imewatoa watu hodari. Lakini yafaa tutambue kwamba katika njia hiyo mwanafunzi huiga anachokiona. Dereva mwema humwachia desturi njema. Dereva mwenye desturi mbaya humrithisha ubaya wote, wala hapana anayejua mpaka siku ya ajali.

Nitatoa mfano wa chama kimoja ambacho sitakitaja. Chama hicho kilinunua trekta na tela kwa mkopo. Vijana wawili walichaguliwa kujifunza, na mwalimu wao akawa dereva wa lori mwenye zaidi ya miaka 20 barabarani, mtu mwangalifu na mcha Mungu. Aliwafundisha kwa siku tisa katika shamba la tambarare. Siku ya kumi kijana mmoja alitumwa kushusha tela lililojaa mahindi kuelekea mtoni. Alipoona mwendo unazidi, alikanyaga klachi. Mliojaribu mnajua kilichofuata: klachi ikishakanyagwa, injini haiyazuii tena magurudumu. Tela lilisukuma trekta, likajikunja ubavuni, na trekta likapinduka. Kijana alipoteza mguu, na chama kilibaki na deni lote.

Bodi ilipomwuliza mwalimu, alijibu kwa haki kabisa: "Nilimwambia kwenye mteremko ashuke polepole." Hakusema uongo. Lakini hakumweleza kwamba gia ndogo huingizwa kabla ya kuanza kushuka, na kwamba klachi haikanyagwi mteremkoni kwa ajili ya kupunguza mwendo. Wala hakumpeleka hata mara moja kwenye mteremko mdogo, kwanza bila tela, kisha na tela tupu, ili ajionee jinsi injini inavyolishika trekta. Mwenyewe aliyajua hayo yote. Mguu wake uliyajua kwa miaka 20, kiasi kwamba hakukumbuka tena kuwa ni jambo la kufundishwa.

WENZETU WALIVYOWEKA KIPIMO

Nchi ambayo utaratibu wake wa kuwapima walimu wa udereva ni wa siku nyingi, na umeandikwa waziwazi, ni Uingereza, ambako ndiko tulikorithi kuendesha upande wa kushoto. Nitaueleza kidogo, ili tuone lipi linatufaa.

Mwaka 1934 watu zaidi ya 7,000 waliuawa katika barabara za nchi hiyo. Mwaka 1935 mtihani wa udereva ukawa lazima kwa madereva wapya. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye mtu yeyote aliweza kuweka tangazo na kujiita mwalimu. Mwaka 1964 liliwekwa daftari la walimu waliopimwa, lakini kwa hiari. Mwaka 1970 hiari ilikoma: anayepokea malipo kwa kufundisha kuendesha gari dogo sharti awe daftarini, au awe na kibali cha muda cha mwanagenzi.

Ili kuingia daftarini mtu hupita mitihani mitatu. Wa kwanza ni wa maarifa. Una maswali 100, na hufaulu kwa kupata 85. Lakini maswali hayo yamegawanywa katika mafungu manne ya maswali 25, na kila fungu sharti apate 20. Hawezi kufidia ujinga wa fungu moja kwa wingi wa alama za fungu jingine. Mtihani huo una pia sehemu ya picha za sinema, ambamo mtu huonyesha jinsi anavyoitambua hatari barabarani mapema. Mtihani wa pili ni wa kuendesha. Mwanafunzi wa kawaida husamehewa makosa madogo hadi 15. Mwalimu husamehewa 6 tu. Wa tatu ndio unaotuhusu zaidi leo: ni mtihani wa kufundisha.

Zamani katika mtihani huo wa tatu mtahini mwenyewe alijifanya mwanafunzi, akitenda makosa makusudi. Tangu Desemba 2017 mwalimu huja na mwanafunzi wa kweli, na mtahini huketi kiti cha nyuma akitazama. Wala mambo hayaishii hapo. Mwalimu aliyekwisha kufaulu hupimwa tena kwa njia hiyo hiyo katika kila kipindi cha miaka minne cha uandikishaji wake, na akishindwa mara kwa mara jina lake hufutwa.

Kipimo chenyewe kina mambo 17. Manne ni ya mpango wa somo, matano ni ya usalama wakati wa somo, na manane ni ya njia za kufundisha. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ni 51. Anayepata 43 na zaidi yu katika daraja la juu. 31 hadi 42 amefaulu. Chini ya hapo ameshindwa. Lakini kuna sharti moja ambalo nawaomba mlishike: katika fungu la usalama lenye alama 15, anayepata 7 au pungufu ameshindwa, hata kama jumla yake ni kubwa. Ufasaha wa maneno haumwokoi mwalimu aliyewaweka watu hatarini.

UFUNDI WA KUFUNDISHA

Watahini wa nchi hiyo walizoea kuugawa ufundi wa mwalimu katika hatua tatu: kulitambua kosa, kulichambua, na kulirekebisha. Maneno haya ni rahisi kuyatamka, lakini walimu wengi huishia hatua ya kwanza.

Chukueni mfano wa mwanafunzi anayezimisha injini mlimani. Mwalimu asiye na ufundi husema, "Umezima tena!" Kosa amelitambua, ila kila mtu aliyemo garini naye amelitambua. Mwalimu mwenye ufundi hujiuliza sababu. Je, kijana aliachia klachi ghafula? Je, alikuwa katika gia ya tatu akidhani ni ya kwanza? Je, breki ya mkono ilikuwa bado imefungwa? Au gari la nyuma lilipiga honi akaogopa? Sababu hizi nne zina dawa nne. Aliyeachia klachi ghafula apelekwe mahali tambarare, ajifunze kusikia mahali klachi inapoanza kushika. Aliyeogopa honi hana haja ya somo la klachi; anahitaji kufundishwa atulie, afunge breki ya mkono, kisha aanze upya kwa utaratibu.

Mfano wa pili ni wa mwendo. Kila mwalimu husema, "Punguza mwendo." Wachache huonyesha kwa nini. Hesabu zinazofundishwa Uingereza kwa gari dogo katika barabara kavu ni hizi. Kwa mwendo wa kilomita 48 kwa saa gari husimama baada ya mita 23: mita 9 zinapita dereva akiwa bado hajakanyaga breki, na mita 14 breki zikifanya kazi. Kwa mwendo wa kilomita 96, yaani mara mbili, gari husimama baada ya mita 73: mita 18 za kufikiri na 55 za breki. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini njia ya breki imekuwa karibu mara nne.

Mwalimu anayejua kazi yake hatasoma hesabu hizo na kuondoka. Atamshusha mwanafunzi garini, atamwambia apande kijiti mwanzoni, atembee hatua ndefu 23 na kupanda kijiti cha pili, kisha aendelee mpaka hatua 73 na kupanda cha tatu. Halafu atamwuliza: "Mtoto akitokea pale penye kijiti cha pili, nawe unakwenda kilomita 96, itakuwaje?" Kijana atajibu mwenyewe. Kisha aulizwe swali la pili: "Na lori likiwa limebeba tani za mazao, na barabara ni ya vumbi au imelowa?" Hapo ataona kwamba hata vijiti vile havitoshi. Somo hilo halihitaji hata lita moja ya mafuta, na kijana hatalisahau.

VYAMA VIFANYE NINI?

Yafaa niseme wazi kwamba kumpima dereva kwa ajili ya leseni ni kazi ya Serikali chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, wala chama hakina mamlaka hayo. Lakini chama ndicho kinacholipa ada, na mwenye kulipa ana haki ya kujua amenunua nini. Nashauri mambo matano.

Kwanza, kabla ya kulipa, katibu aone kibali cha shule na leseni ya mwalimu, na ahakikishe kuwa leseni hiyo ni ya daraja la chombo kinachofundishwa. Mwalimu wa gari dogo si lazima awe mwalimu wa lori au trekta. Katibu aulize pia kama gari la kujifunzia lina klachi na breki za pili upande wa mwalimu. Kama halina, mwalimu hana njia ya kuokoa ila kwa maneno na breki ya mkono.

Pili, mpango wa masomo uandikwe: somo la kwanza nini, la pili nini, na mwanafunzi atavuka kutoka hatua moja hadi nyingine kwa dalili gani.

Tatu, ada ilipwe kwa awamu, kila awamu baada ya hatua kukamilika. Aliyekwisha lipwa yote siku ya kwanza hana sababu ya kuharakisha kesho.

Nne, kuwe na daftari la mafunzo. Kila siku iandikwe tarehe, saa, somo, kosa lililoonekana na sababu yake, kisha mwalimu na mwanafunzi watie sahihi wote wawili. Mkaguzi akija, aonyeshwe daftari hilo pamoja na risiti.

Tano, angalau mara mbili mjumbe wa bodi aketi kiti cha nyuma akiwa na karatasi ya alama. Kwa trekta asimame pembeni ya shamba. Mtu asipandishwe juu ya bawa la gurudumu kwa sababu yoyote. Nimejaribu kuyafupisha yale mambo 17 kuwa maswali manane.

Ya usalama ni haya:
1. Kabla ya kuondoka, je, walielewana nani ataangalia nini na mwalimu ataingilia wakati gani?
2. Je, maelekezo yalitolewa mapema na kwa maneno yaliyo wazi?
3. Je, mwalimu aliangalia barabara pamoja na mikono na miguu ya mwanafunzi muda wote, pasipo kushughulika na simu?

Ya kufundisha ni haya:
4. Je, somo lilikuwa na lengo lililotajwa?
5. Je, mahali palipochaguliwa palilingana na uwezo wa mwanafunzi?
6. Kosa lilipotokea, je, sababu yake ilitafutwa na kuelezwa?
7. Je, mwanafunzi aliuliza na kujibiwa bila kutukanwa wala kuchekwa?
8. Mwishoni, je, mwanafunzi aliweza kueleza kwa maneno yake alichokiweza na kilichomshinda?

Kila swali lipewe 0 kama jambo halikuonekana kabisa, 1 kama lilionekana mara chache, 2 mara nyingi, na 3 wakati wote. Jumla ni 24. Lakini katika yale matatu ya usalama, mwalimu asiyefikia alama 5 kati ya 9 asimamishwe kwanza, hata kama mengine amefanya vizuri.

Swali la saba msilione dogo. Wapo mabinti wa wanachama wenye akili nzuri na mikono imara ambao wameacha kujifunza trekta kwa sababu ya kudhihakiwa. Chama kimepoteza madereva kabla ya kuwapata.

HOJA ZINAZOWEZA KULETWA

Najua hoja zitakazotolewa mikutanoni. Ya kwanza ni kwamba Uingereza ni nchi tajiri yenye barabara za lami. Ni kweli. Lakini karatasi ya maswali manane haihitaji lami. Na kwa kuwa barabara zetu nyingi ni za vumbi, zenye miteremko, ng'ombe na watoto wa shule, mwalimu wetu anapaswa kuwa hodari zaidi.

Hoja ya pili ni kwamba mjumbe asiyejua kuendesha hawezi kumpima mwalimu. Hii ina uzito, nami siipuuzi. Mjumbe huyo hawezi kujua kama gia iliyotajwa ndiyo iliyofaa. Kwa jambo hilo chama kitafute msaada wa wajuzi. Tunacho Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975, na vyuo vya VETA. Lakini mjumbe yeyote anaweza kuona kama maelekezo yalikuja wakati gari limekwisha fika njia panda. Anaweza kusikia matusi. Anaweza kumwuliza kijana baada ya somo, "Leo umejifunza nini?" na kuona kama kuna jibu.

Hoja ya tatu haitasemwa hadharani, nayo ndiyo yenye nguvu: mwalimu ni ndugu wa mjumbe, au ni mtu wa karibu asiyefaa kuudhiwa. Alama zikitolewa kwa kuoneana haya, karatasi itakuwa mapambo tu. Kwa hiyo wapimaji wawe wawili, watoke pande mbalimbali za chama, kila mmoja ajaze karatasi yake bila kuitazama ya mwenzake, na tofauti zao zizungumzwe mbele ya bodi. Mwalimu naye asomewe alama zake na apewe nafasi ya kujieleza, maana shabaha yetu ni kumfanya awe mwalimu bora. Yule dereva wa lori niliyemtaja angeweza kuwa mwalimu mzuri sana. Hakuna aliyeketi pembeni yake hata saa moja kumwambia kwamba siku tisa zimepita na mteremko haujafundishwa.

Ndugu wanachama, msimu wa kubeba mazao hauko mbali, na vyama kadhaa hapa vimekwisha chagua vijana wa kupeleka mafunzoni. Nawaomba makatibu, kabla ya hati ya malipo kuandikwa, mlete jambo hili katika mkutano wa bodi na mwandike katika muhtasari majina ya wajumbe wawili watakaoketi kiti cha nyuma. Nitakapopita kukagua vitabu vyenu nitaomba kuona mambo mawili: risiti ya ada, kama kawaida, na karatasi ya alama za mwalimu. Chama kitakachokuwa na ya kwanza bila ya pili, nitaandika hivyo katika taarifa yangu, ili isomwe mbele ya mkutano mkuu.